Kiambatisho: maana, matumizi na lugha ya kutatua hitilafu za barua pepe

kiambatisho nm vi- [ki-/vi-]
1. hati inayowekwa pamoja na barua, ombi au ripoti ili kuithibitisha au kuikamilisha: *Ombi lako halina kiambatisho cha cheti.*
2. (teknolojia) faili linalosafiri ndani ya ujumbe wa barua pepe pamoja na maandishi yake: *Ujumbe umefika, lakini kiambatisho hakifunguki.*

Makala haya yanaeleza asili ya neno, maneno yanayokaribiana nalo, na msamiati unaohitajika programu inayotuma barua pepe inaposhindwa kufikisha faili. Jambo hilo lina uzito wake. Mwombaji wa kazi ambaye cheti chake kimepotea njiani huhesabiwa kuwa hakuomba, na mwanafunzi aliyepokea barua ya udahili isiyofunguka hajui siku ya kuripoti. Mara nyingi tatizo huchelewa kutatuliwa kwa sababu aliyeathirika na fundi wanatumia kitenzi kimoja kwa mambo matano tofauti.

Asili na umbo

Neno limetokana na kitenzi *ambata*, yaani kunata au kushika kwenye kitu kingine. Katika mnyambuliko wake tunapata *ambatana* (kwenda pamoja), *ambatisha* (kufanya kitu kishikamane na kingine) na *ambatanisha* (kufanya vitu viende pamoja). Kutokana na vitenzi viwili vya mwisho tuna nomino mbili, *kiambatisho* na *kiambatanisho*. Zote mbili hutumika katika barua za ofisi, na hakuna sababu ya kumsahihisha anayetumia moja badala ya nyingine. Linalotakiwa ni kuchagua moja na kudumu nayo katika andiko zima.

Vitenzi vyenyewe huchukua viunganishi tofauti:
- *Ambatisha cheti kwenye ombi.*
- *Ambatanisha ombi na cheti.*
- *Ombi hili linaambatana na nakala ya cheti.*

Epuka takriri ya aina ya *Naambatisha kiambatisho*. Taja kitu chenyewe: *Nimeambatisha ripoti ya muhula.*

Maneno ya kutofautisha

*Kiambishi* ni istilahi ya sarufi: kipashio kinachopachikwa kwenye mzizi wa neno, kama *wa-* na *-na-* katika *wanasoma*. Hakina uhusiano na faili.

*Kiungo*, katika muktadha wa intaneti, ni anwani inayomwelekeza msomaji mahali faili lilipohifadhiwa. Kiambatisho husafiri na ujumbe. Kiungo huacha faili lilipo. Mfasiri anayeviita vyote viwili *kiambatisho* humfanya msomaji atafute ndani ya ujumbe kitu ambacho hakimo.

*Faili* hutumika katika ngeli mbili: *faili hili, mafaili haya* na pia *faili hii, faili hizi*. Makala haya yanafuata ngeli ya li-/ya-. Kuchanganya ngeli katika sentensi moja ni kosa.

Tuma, tumia, tumwa, tumika

Kitenzi *tuma* katika kauli ya kutendea huwa *tumia*, na umbo hilohilo lina maana nyingine iliyozoeleka zaidi, yaani kufanya jambo kwa kutumia kifaa. Utata huzaliwa hapo. Sentensi *Nitumie faili hili* inaweza kuwa ombi, yaani "niletee faili hili", au swali la mtu anayeomba ruhusa, yaani "je, nifanye kazi na faili hili?" Katika mazungumzo sauti huondoa utata. Katika maandishi ya programu hakuna sauti.

Kanuni tatu zinatosha:
- Kitufe cha kupeleka ujumbe kiandikwe *Tuma*, si *Tumia*.
- Taarifa ya mafanikio iandikwe *Faili limetumwa*. *Faili limetumika* humaanisha kwamba limefanyiwa kazi.
- Panapohitajika kauli ya kutendea, mtaje mtendewa: *Programu imemtumia mwombaji faili.* Kiambishi *-m-* kinaondoa shaka.

Jinsi kiambatisho kinavyosafiri

Itifaki ya SMTP, inayotumika hadi leo kupeleka barua pepe, ilichapishwa na Jonathan Postel mwaka 1982. Ilikusudiwa kubeba mistari ya maandishi, kwa herufi za biti 7. Mfumo huo una alama 128 tu: herufi za Kilatini zisizo na vikorombwezo, tarakimu, alama za uandishi na alama chache za udhibiti. Picha au hati ya PDF imeundwa kwa baiti za biti 8, zenye thamani 256, na haikuweza kupita salama katika njia hiyo.

Suluhisho lilichapishwa Juni 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, kwa jina la MIME. Utaratibu wao hauibadilishi njia, huubadilisha mzigo. Ujumbe hugawanywa katika sehemu, kila sehemu hutangaza aina yake, na baiti za faili hugeuzwa kuwa maandishi kwa usimbaji uitwao Base64, unaotumia alama 64 tu ambazo kila seva inaweza kuzibeba. Mpokeaji anapoufungua ujumbe, programu yake husimbua maandishi hayo na kurudisha baiti za awali.

Ujumbe ghafi wenye kiambatisho huonekana hivi:

```
From: ofisi@example.org
To: mwalimu@example.com
Subject: Ripoti ya muhula
MIME-Version: 1.0
Content-Type: multipart/mixed; boundary="mpaka07"

--mpaka07
Content-Type: text/plain; charset="utf-8"

Mwalimu, pokea ripoti ya muhula.

--mpaka07
Content-Type: application/pdf
Content-Transfer-Encoding: base64
Content-Disposition: attachment; filename="ripoti.pdf"

JVBERi0xLjQK...
--mpaka07--
```

Mistari ya juu ni *kichwa cha ujumbe*. Neno *mpaka07* ni *mpaka*, yaani alama inayotenganisha sehemu. Kila sehemu huanza kwa vistari viwili na mpaka, hufuatwa na kichwa chake kidogo, kisha mstari mtupu, kisha yaliyomo. Mpaka wa mwisho huongezewa vistari viwili nyuma yake. Ukiukosa mstari mtupu mmoja, au vistari viwili vya mwisho, baadhi ya programu zitashindwa kutambua faili.

Vitenzi vitano vya utambuzi

Anayelalamika kwamba "faili limeshindikana" hajasema kitu ambacho fundi anaweza kukifanyia kazi. Kiswahili kina vitenzi vitano vinavyotaja hatua tano za safari, na kila kitenzi huelekeza mahali pake pa kutafuta.

*1. Halikuambatishwa.* Ujumbe umefika ukiwa na maandishi yake, lakini bila faili. Sababu iliyo ya kawaida ni njia ya faili iliyoandikwa kwa kifupi, kama *ripoti.pdf*. Njia hiyo husomwa kuanzia saraka ambamo programu inaendeshwa. Programu ikiendeshwa na mwandishi wake mezani, faili huonekana. Ikiendeshwa usiku na mfumo wenyewe, huanzia saraka nyingine na faili halionekani. Andika njia kamili. Chunguza pia kama msimbo unameza kosa kimya kimya na kuendelea kutuma ujumbe bila faili: afadhali programu ikome kuliko kutuma barua isemayo "pokea ripoti" isiyo na ripoti.

*2. Halikutumwa.* Programu imekwama kabla ujumbe haujaondoka. Hapa huwa pana taarifa ya kosa, nayo isomwe yote. Namba 535 humaanisha kwamba jina la mtumiaji au nywila vimekataliwa. Muunganisho ukikataliwa au ukikawia bila jibu, angalia mlango wa seva: 587 na 465 ni ya kuwasilishia barua kutoka kwa mtumiaji, na 25 ni wa seva kuzungumza na seva, hivyo watoa huduma wengi huufungia wateja wao. Mlango 465 hutaka usimbaji fiche tangu mwanzo wa mazungumzo, ilhali 587 huanza wazi kisha hupandishwa kwa amri ya STARTTLS. Kuchanganya taratibu hizi mbili huifanya programu isubiri jibu lisilokuja.

*3. Halikupokelewa.* Seva imeusikia ujumbe na kuukataa. Tarakimu ya kwanza ya jibu lake ndiyo ya kuangaliwa: 2 ni kukubali, 4 ni kukataa kwa muda, 5 ni kukataa moja kwa moja. Jibu linaloanza na 4 linaruhusu kujaribu tena baadaye. Linaloanza na 5 litarudi vilevile hata ukijaribu mara mia. Namba 550 kwa kawaida hueleza kuwa kisanduku cha mpokeaji hakipatikani, na 552 kwamba ukomo wa nafasi umepitwa.

Suala la ukubwa huwakanganya wengi kwa sababu ya Base64. Kila baiti 3 huwa herufi 4, na baada ya kila herufi 76 huongezwa alama mbili za kukata mstari. Jumla ni ongezeko la takriban asilimia 37. Seva yenye ukomo wa megabaiti 25 kwa ujumbe mzima itakataa faili la megabaiti 20, kwa kuwa njiani faili hilo huwa na zaidi ya megabaiti 27. Katika taarifa kwa watumiaji, usiandike "megabaiti 25". Andika ukubwa wa faili unaopita kweli, ambao hapa ni kama megabaiti 18.

*4. Halikufika.* Seva ya kwanza imejibu 250, yaani imekubali, lakini mpokeaji haoni ujumbe. Jibu la 250 humaanisha kwamba seva hiyo imechukua dhamana ya kuupeleka ujumbe mbele. Halimaanishi kwamba umeingia kisandukuni. Huenda umewekwa katika barua taka, au seva ya mbele imeukataa baadaye. Seva ikishindwa kuufikisha, hurudisha taarifa kwa anwani ya mtumaji iliyotajwa katika mazungumzo ya seva. Programu nyingi huweka hapo anwani isiyosomwa na mtu yeyote, na majibu ya msingi hurundikana humo. Kabla ya kugusa msimbo, fungua kisanduku hicho. Kumbuka pia kwamba huduma nyingi huzuia aina fulani za mafaili, hasa programu zinazojiendesha zenye jina linaloishia na *.exe*.

*5. Halikufunguka.* Faili lipo, jina lake ni sahihi, lakini ni tupu au limeharibika. Faili la baiti 0 huashiria kwamba lilisomwa kabla ya kukamilika kuandikwa: lifunge kwanza, ndipo uliambatishe. Hutokea pia pale data inapoandikwa katika kumbukumbu ya kompyuta na kusomwa bila kurudisha kiashiria mwanzo. Usomaji huanzia mwisho na haupati kitu. Faili lenye ukubwa wa kawaida lisilofunguka huenda lilisomwa kama maandishi badala ya baiti. Katika Python, faili la kuambatisha hufunguliwa kwa hali ya *rb*. Hali ya *r* pekee hujaribu kusimbua baiti kuwa herufi, na kwa PDF au picha programu kwa kawaida husimama na kutoa kosa. Katika baadhi ya lugha nyingine haisimami: hubadilisha alama za kukata mstari na kuharibu faili bila kusema neno.

Katika kundi hili wamo pia wanaopokea kurasa za herufi zisizosomeka katikati ya barua. Hiyo ni dalili ya kichwa cha sehemu kilichokosewa: mpaka, mstari mtupu, au tangazo la *Content-Transfer-Encoding*. Hali hii huwakuta zaidi wanaounda ujumbe kwa kuunganisha vipande vya maandishi kwa mkono, kama ilivyozoeleka kwa watumiaji wa kitendaji *mail* cha PHP. Maktaba iliyokamilika, kama *EmailMessage* ya Python na kitendaji chake *add_attachment*, huandika mipaka na usimbaji yenyewe.

Zingatia tofauti ya kauli. *Faili halikufunguliwa* husema kwamba hakuna aliyelifungua. *Faili halikufunguka* husema kwamba mtu alijaribu na faili likakataa. Kauli ya kutendwa hutuelekeza kwa mpokeaji, na kauli ya kutendeka hutuelekeza kwa faili. Mfasiri anayezichanganya humtuma fundi nyumba isiyo na mgonjwa.

Kisa cha ng'

Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na vikorombwezo, na zote zimo katika zile alama 128. Ni faida kubwa, lakini ina mtego: programu yenye kasoro ya usimbaji hufaulu majaribio yote ya Kiswahili, kisha huanguka siku ya kwanza inapokutana na *ng'*.

Alama ya ritifaa iliyo kwenye kibodi imo katika biti 7. Programu za kuandikia hati, hata hivyo, huigeuza kuwa ritifaa iliyopinda, ’, ambayo haimo. Katika UTF-8 alama hiyo huchukua baiti tatu, E2, 80 na 99. Programu inayodhani kuwa maandishi ni ya usimbaji wa zamani wa Windows-1252 huzisoma baiti hizo moja moja, na *ng’ombe* huonekana *ngâ€™ombe*. Ukiliona umbo hilo, data haijapotea. Limekosewa tangazo la *charset*.

Jina la faili lina kanuni yake. Vichwa vya ujumbe vilikusudiwa kubeba alama 128 tu, hivyo jina *Ripoti ya Ng’ombe.pdf* hutakiwa kuandikwa hivi:

```
filename*=UTF-8''Ripoti%20ya%20Ng%E2%80%99ombe.pdf
```

Msimbo usiofuata utaratibu huu unaweza kumletea mpokeaji faili lenye jina lililovurugika au lililopoteza kiishio chake cha *.pdf*, na kompyuta isijue lifunguliwe kwa programu ipi. Mwenye haraka na alipe faili jina lisilo na ritifaa wala nafasi: *ripoti-ya-mifugo.pdf*.

Mpangilio wa uchunguzi

1. Muulize mpokeaji, si mtumaji, na umpe vile vitenzi vitano achague.
2. Tuma faili dogo la maandishi lenye neno moja. Likifika, njia ni nzima na kosa limo katika faili au ukubwa wake. Lisipofika, acha kuchunguza PDF.
3. Badala ya kuutuma ujumbe, uhifadhi katika faili lenye kiishio *.eml*, kisha ulifungue kwa programu ya barua pepe. Kiambatisho kikiwa kibovu hapo, seva haina hatia.
4. Soma ujumbe ghafi na utazame herufi za kwanza za Base64. Hati ya PDF huanza na *JVBERi0*, picha ya JPEG huanza na */9j/*, ya PNG huanza na *iVBORw0KGgo*, na faili la ZIP, pamoja na hati za *.docx*, huanza na *UEsDB*. Ukiona *SlZCRVJp*, PDF yako imesimbwa mara mbili: mara moja kwa mkono wako, mara nyingine na maktaba.
5. Kokotoa alama ya SHA-256 ya faili lililotumwa na ya lililopokelewa. Alama zikilingana, faili halikubadilika njiani, na lililobaki ni kumpa mpokeaji programu ya kulifungulia.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha matatu kwa pamoja akafaulu hajui lipi lilikuwa dawa.

Kwa mfasiri na mwalimu

Taarifa ya kosa ni sentensi inayosomwa na mtu mwenye haraka na wasiwasi. Itaje hatua, itaje sababu, na iseme la kufanya.

| Isiyofaa | Inayofaa |
|---|---|
| Kutuma kumeshindikana. | Ujumbe haukutumwa: nywila imekataliwa. Iandike upya. |
| Kosa la kiambatisho. | Faili halikuambatishwa: halipo katika saraka iliyotajwa. |
| Faili kubwa. | Ujumbe haukupokelewa: faili limezidi megabaiti 18. Lipunguze au tuma kiungo. |
| Imefanikiwa. | Ujumbe umepokelewa na seva yetu. Utajulishwa ukishindwa kufika. |

Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Programu inayotangaza *Imefika* wakati inachokijua ni *Imepokelewa na seva* humnyima mtumaji nafasi ya kuuliza kabla muda haujapita. Tafsiri isidai zaidi ya kile ambacho kompyuta inakijua.

Darasani, mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi sentensi *Faili langu limeshindikana* na kuwataka waiandike upya mara tano, kila mara kwa kitenzi kimoja kati ya vile vitano, kisha waeleze nani achunguzwe katika kila hali: msimbo, seva, mpokeaji au faili. Zoezi hilo hufunza kauli za vitenzi na utatuzi wa hitilafu kwa pamoja.

*Tazama pia:* ambata, barua pepe, faili, hitilafu, kiungo, msimbo, seva, tuma, usimbaji.